Springi Mpya Zilivyomkataza Mama Mkwe Kushuka

Watu wangu, leo nimeaibika. Na hii aibu sikuletewa na mtu. Nimejitengenezea mwenyewe kwa jeki na spana, nikiwa nimevaa ovaroli safi.

Nianze na gari. Wengi wenu mnaijua. Ile yangu kubwa, ya zamani, ambayo nyuma ilikuwa imelala kama kuku anayelalia mayai. (Msianze kucheka, bado hatujafika.) Springi za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa. Ukipakia watu watatu, bomba la moshi linaanza kuchora barabara. Mimi ningevumilia, lakini Krismasi iliyopita nilimbeba mama mkwe, mamake Nafula mke wangu, kutoka kwake Soy hadi kwetu Kapseret. Kila tuta, kwaruu. Mama alijishikilia kwa kiti njia nzima. Tulipofika ndipo akamwambia Nafula, "Mwambie Baba Trevor apumzishe hiyo gari, imezeeka." Tangu hapo akitaka kwenda mahali, anampigia simu Barasa.

Barasa ndiye ameoa dadake Nafula. Ana kigari kipya, kidogo, kiko chini hivi, ndani kinanukia limau. Ni mtu mzuri sana. Simpendi.

Sasa muelewe kitu kimoja. Sisi Wabukusu, mama mkwe unamheshimu kwa umbali. Humsalimii kwa mkono. Humgusi. Hata maneno yanapitia kwa mke wako, na mama mwenyewe amesimama hapo hapo anakusikia. Kwa hivyo kumbeba mama mkwe kwa gari yako na kumfikisha bila fujo, hiyo ni heshima kubwa kwa mwanaume. Na leo Mama alikuwa mgeni wa heshima kwa siku ya akina mama, kanisani huko Plateau. Barasa alikuwa ameshajipanga. Nikamwambia Nafula, "Mwambie Mama Jumamosi anabebwa na mimi. Kwenda na kurudi."

"Na ile gari?" Nafula akauliza.

"Hiyo niachie."

Nikaenda town kwa duka la vipuri. Muuzaji akaniuliza, "Unabebanga nini?" Nikamwambia, "Mama mkwe." Akaniangalia kidogo. Akaingia stoo, akatoka na springi nene, ndefu kuliko zangu, zimepakwa rangi nyekundu. Akasema hizo ni za watu wanaobeba mbolea na viazi, haziinami hata upakie namna gani. Nikamwambia hizo hizo.

Makanika wa nini? Jana nilipandisha nyuma kwa jeki, nikaweka stendi, nikafungua shokomzoba upande wa chini. Ekseli ikashuka, na springi za zamani zikaanguka zenyewe, zimestaafu. Mpya zilikataa kuingia. Nilikanyaga ekseli, nikaibembeleza, nikaitisha, mwishowe zikaingia. Nikafunga kila nati. (Kazi safi. Hapo hakuna mtu atanifundisha.) Nikashusha jeki, gari haikushuka. Nikadhani jeki imekwama. Kumbe jeki ilishafika chini kitambo, ni gari ilikuwa imebaki juu.

Nafula akatoka nje akaizunguka. "Mbona inaangalia chini kama imepoteza shilingi?"

"Itazoea," nikamwambia. Nikaiosha, nikatoa takataka zote kwa buti, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Leo asubuhi tukafika Soy. Nyumba ya Mama ina baraza ya simiti iliyoinuka kutoka chini. Nikasogeza gari ubavu kwa ubavu na ile baraza mpaka mlango wa nyuma ukawa sawa nayo. Mama akatoka na kitenge cha kijani na kilemba kimesimama wima, akavuka kutoka baraza hadi kwa kiti kama anaingia sebuleni. Akaketi. Akatazama nje. Akamwambia Nafula, "Leo naona hadi kwa jirani." Jameni, nilifurahi mpaka nikawasha indiketa na hakuna mahali nilikuwa napinda.

Kioo cha ndani nilikuwa nimekigeuza kikaangalia paa. Si heshima macho yangu yakutane na ya Mama njia nzima. Kwa hivyo yaliyotokea nyuma sikuyaona, niliyasikia tu. Springi za kubeba mbolea zilikuwa zimebeba wamama wawili na kikapu. Tuta la kwanza, gari ikaruka. Nikasikia kwa sauti ya chini, "Yesu." Tuta la pili, "Yesu." Nikajua Mama anaombea hotuba yake. Nikaongeza mwendo ili asichelewe.

Plateau tulipokelewa na wamama wamejipanga pande mbili, wamevaa sare, wanaimba. Barasa alikuwa ameegesha kigari chake huko kwa ua pamoja na watu wa kawaida. Mimi nikapita katikati ya wimbo mpaka mlangoni mwa tenti ya ibada, pale kapeti inaanzia. Nikazima injini. Nikashuka, nikasimama upande wa pili na mikono nyuma, nikingoja Mama akanyage kapeti.

Nafula akaruka chini, akazunguka, akafungua mlango wa Mama. Mama akateremsha mguu. Mguu ukatafuta chini, haukupata. Ukarudi. Akajaribu ule mwingine, nao ukarudi. Wimbo ukaisha. Wakauanza upya.

"Baba Trevor," Nafula akaniita kwa sauti ile anaitumia tukiwa na wageni, "hakuna pa kukanyaga."

Kile kibao cha pembeni cha kupandia kiling'oka miaka mingi iliyopita, sikuwahi kukihitaji. Wakaleta kiti cha plastiki. Mama akakipima na kidole cha mguu, miguu ya kiti ikazama kwa nyasi. "Hicho kitoeni," akasema. Wamama wawili wenye nguvu wakajitolea kumbeba. Mama akawaambia, "Mimi si gunia." Na wanaume wa karibu tulikuwa mimi na Barasa, wote wakwe. Tumesimama bega kwa bega tukiangalia mawingu, kwa sababu hatuwezi kumgusa na hatuwezi kwenda. Barasa akaninong'oneza, "Ulibadilisha springi?" Nikaendelea kuhesabu mawingu.

Wimbo ukaisha tena. Mchungaji akaangalia saa. Ndipo nikaamua kuchukua usukani, maana gari ni yangu na hesabu yake naijua. Nikatangaza, "Hakuna shida. Gari inataka uzito tu. Wamama wachache waingie kwa buti, ikae chini, Mama ashuke."

Nafula aliniangalia vile huwa ananiangalia nikisema nitapika. Lakini wanakwaya ni watu wa kujitolea. Wale wenye miili mikubwa wakaingia kwa buti, wakiimba. Gari haikushuka. Nikasema, "Ongezeni." Wakaongezeka, mmoja akakaliwa mapajani, sauti ya tatu ikaanza kukosa pumzi. Nikapiga magoti nikachungulia chini. Springi zimesimama tu, zinawaka wekundu wao. (Nitasema ukweli hata kama mtanicheka. Pamoja na ile aibu yote, kwa sekunde kidogo nilijivunia. Zile springi ni za ukweli.)

Basi nikabaki na kitu kimoja. Nikaokota kijiti, nikakidunga kwa pua ya gurudumu la nyuma, pale upepo unapoingilia. Fssss. Mchungaji akaona huo ndio wakati mzuri wa kufungua na maombi, na maombi yakaendelea na fssss yake. Nikahamia gurudumu la pili. Polepole gari ikaanza kulala na kwaya yote ndani. Mpaka amina inasemwa, rimu zimekalia mpira. Mama akanyoosha mguu, kapeti hii hapa. Akashuka. Vigelegele vikapigwa mpaka watu wa sokoni wakasimama kuangalia. Akanipita shingo imenyooka, kilemba kikiwa kimelala upande mmoja kwa sababu ya paa la gari yangu. Nilijiambia, nimeshinda.

Nilikuwa nimesahau kwamba gari bado iko mlangoni mwa tenti.

Watu wakawa wanaingia kwa kuinama chini ya kamba za tenti. Lakini keki waliyomwandalia Mama ilikuwa ya ghorofa, haiwezi kuinama. Katikati ya ibada mchungaji akasema kwa maikrofoni, "Mwenye gari iliyolala mlangoni, tafadhali aisogeze, keki haipiti."

Nikasimama. Kanisa zima likageuka. "Haina upepo, mchungaji."

"Haina nini?" Bado kwa maikrofoni.

"Upepo. Niliutoa."

"Basi weka."

"Pampu niliitoa jana nikisafisha buti. Iko Kapseret."

Kwaya ndiyo ilianza kucheka, wale wale nilikuwa nimewapakia. Kisha wazee wa kanisa. Kisha mchungaji mwenyewe, na hakukumbuka kuzima maikrofoni. Mwishowe keki ilipitishwa ndani ya gari yangu. Iliingia mlango wa kushoto ikatokea wa kulia, kwa mikono ya wazee watatu, na mimi nimeshikilia viti visiiguse. Kila picha ya Mama ya leo, nyuma yake kuna gari imekaa chini kama mbwa anayengoja mfupa.

Ibada ikaisha. Mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. Barasa akaleta kigari chake taratibu, akafungua mlango. Mama akasimama kati ya zile gari mbili, na mimi nikainamisha kichwa, nikijua ya kwangu haiendi popote. Safari ya kurudi ndiyo nilikuwa nimeiahidi kwa mdomo wangu. Iliniuma, sitaficha.

Mama akamgeukia Nafula. "Mwambie Baba Trevor gari yake ina nguvu."

Nikainua kichwa.

"Mwambie atafute ng'ombe, abebe."

Akaketi kwa kiti cha Barasa bila kuinua hata mguu. Nafula akaniangalia, akaangalia mvua inayokuja, akaingia pia.

Sasa niko peke yangu kwa uwanja wa kanisa nikingoja mtu wa bodaboda aniletee pampu. Springi ziko sawa kabisa. Mwenye ana ng'ombe wa kubebwa aniandikie hapo chini, kesho niko tayari. Asiye na ng'ombe anyamaze.