Kuvu Nyeupe ya Arusi ya Jenny

Jumatatu, 12 Mei 2025

Balaa. Nimefungua magunia ya mahindi ya arusi ya binti yangu Jenny. Yote rangi ya waridi, kama sare ya kwaya! Na niliapa mbele ya wakwe wa ziwani Tshangalele: wao walete samaki, bukari, ugali wetu, itatoka shambani kwangu. Mama Jenny anasema alinikataza kuyafunga mabichi. Ni kweli, lakini nilitaka kumtangulia kaka yake, shemeki Germain. Yake bado yananing'inia juu ya moshi. Germain amechungulia, akauliza kama arusi inahamia kwake. Aka! Mtu mbaya.

Jumatano, 14 Mei

Wazo! Nimemtembelea Laure, mtoto wa dada yangu, kwenye maabara ya chuo anakosomea kilimo. Akasema hiyo ni kuvu, tena ina sumu isiyotoka kwa kuosha wala kupika. Nikamwambia sikuja kusikia habari za msiba. Basi akanionyesha visahani viwili: kuvu nyekundu ya kawaida, na nyingine nyeupe pepe. Ameizima jeni inayoipa rangi! Akaongeza kitu juu ya jeni za sumu, kwamba zinakaa pengine. Sikusikiliza. Rangi imetoka, sumu itabaki kufanya nini? Alipogeuka, nikamega nyeupe kidogo. Si wizi. Laure ni mtoto wetu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepanda nyeupe katika kila gunia, nikanyunyiza maji ya vuguvugu kuipa moyo. Nyeupe itakula nyekundu. Nimemwambia Germain aje arusini na mdomo tu.

Jumatano, 21 Mei

Imekubali! Mahindi yamefunikwa na weupe kama pamba. Nikamwita Mama Jenny ajionee. Akanusa, akakaa chini, akalia. Laure akaja mbio. Kumbe nimeficha rangi tu. Sumu iko kazini kama kawaida, na sasa hata haionekani. Kila kitu kichomwe, kuku wasionje. Lakini aliomba kopo moja la utafiti, hajaona kuvu yake ikimea vizuri hivyo. Nilijivuna kidogo.

Kisha nikamwona Jenny mlangoni. Alikuwa akiyatazama magunia. Moyo uliniuma vibaya. Nikaenda kwa Germain, miye mwenyewe, nikaomba mahindi. Hakunicheka! Akasema yeye ni mjomba, Jenny ni mtoto wake pia. Akaacha karanga zake mbichi sakafuni, akakimbilia kinuni kutusagia.

Jumapili, 25 Mei

Arusi safi jana! Bukari nyeupe, samaki wanene, wakwe wanaomba kuongezewa. Waliposifu unga, nikasimama kuwashukuru. Germain akatazama sahani yake. Jenny alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Nimemwahidi Mama Jenny: sitagusa kuvu tena maishani.

Leo nimemrudishia Germain sufuria tuliyoazima. Masikini! Karanga alizoziacha kwa ajili yetu zimeota kuvu ya kijani, naye hajaona. Laure hapokei simu. Lakini mtu aliyeokoa arusi yangu siwezi kumwacha hivi hivi. Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa nyeupe: haina nguvu. Ile nyekundu ya kisahani cha kwanza, hiyo ndiyo itakula kijani yote. Kesho asubuhi naenda maabara kumsalimia Laure. Germain nitamwambia ikishakubali.