Kifua cha Ochoki Kimemaliza Viti vya Boma

Machogu, karibu na soko la Nyamache,
Jumatatu.

Kwa Chifu wa kata yetu,
kupitia kwa karani wako, Bi. Aketch.

Mheshimiwa Chifu,

Benchi la mwisho la boma langu liliingia jana jioni katika nyumba ya mwanangu Ochoki. Habari hii nimepewa na mke wangu, Bitutu, aliyeliona likipita mlangoni na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alilishika upande mmoja ili lisikwaruze ukuta. Ochoki hajakanusha. Alipoulizwa linakwenda kufanya nini humo, alijibu: "Kifua cha juu, Tata. Cha chini kimeshakubali."

Ninakuandikia kwa sababu Jumapili hii napokea wageni. Mzee Ojwang na jamaa zake wanatoka upande wa ziwa kuja kuzungumza habari za mwanawe na binti yangu Bonareri. Ni mara yao ya kwanza kufika kwangu. Kama mambo yalivyo leo, watazungumza wakiwa wamesimama, na watu waliosimama hawakawii kuondoka. Bonareri alinipigia simu kutoka Kiogoro, anakoishi, akaniambia: "Tata, ukiwakalisha hao watu kwenye nyasi, mimi hapo sirudi tena." Namjua. Harudi.

Wewe ni Mgusii, kwa hiyo maelezo yanayofuata si yako bali ni ya Bi. Aketch, ambaye si wa huku na ndiye atakayefungua bahasha. Kwetu, kijana akishatoka jandoni na kujengewa nyumba yake, baba yake haingii humo. Haingii mvua ikinyesha, haingii nyumba ikiungua. Akitaka jambo, husimama uani na kukohoa. Mimi nimekohoa wiki nzima, mpaka mhudumu wa afya wa kijiji akaniletea kikopo cha kupimia makohozi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ochoki anafuata mazoezi ya kifua yaliyomo katika simu, yanayofundishwa na kijana wa Nairobi asiyevaa shati. Sifa kubwa ya mazoezi hayo, kwa mujibu wa Ochoki, ni kwamba hayahitaji vifaa. Nimelichunguza jambo hili na nimeona ni kweli. Ochoki hana kifaa hata kimoja. Vyote ni vyangu.

2. Vilitangulia viti viwili vya sebuleni. Huvitenganisha, akaweka mkono huku na mkono huku, akajishusha katikati, akajiinua. Hakuna anayevikalia. Zikafuata jerikeni mbili za maji, ambazo huzisukuma juu akiwa amelala chali sakafuni, kwa hiyo maji ya kunywa ya boma hili hupanda na kushuka kutwa nzima lakini hayafiki jikoni. Mbolea ya chai ameitia katika begi lake la zamani la shule, analivaa mgongoni na kupiga pushapu. Chai haijapata mbolea mwaka huu, kifua kimepata. Tyubu ya baiskeli yangu imefungwa kwenye mwimo wa mlango, anaivuta mbele kama mtu anayekumbatia mti. Baiskeli imebaki imepiga magoti.

3. Kifua hiki hakibebi chochote. Siku ya kuchuma, nilimwomba apeleke kikapu kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Akanijibu kwa heshima zote kwamba kubeba ni kazi ya mgongo, na mgongo ni Ijumaa. Lori la chai huja Jumatatu. Kikapu kilibebwa na Bitutu, ambaye hana ratiba.

4. Sisi ni Wasabato. Ochoki anasema kifua kikishafanyishwa kazi lazima kipumzike siku mbili. Mwenyezi Mungu aliumba mbingu na nchi akapumzika siku moja. Suala hili nililipeleka kwa mzee wa kanisa. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaahidi kulisoma katika Maandiko, kisha akaniuliza kama Ochoki angekuwa na nafasi ya kumwelekeza kijana wake.

5. Mke wangu amechukua upande. Mama anaweza kufika mlangoni pa mwanawe, na angeweza kuniombea benchi. Badala yake anapeleka mayai. Nilipouliza mayai ya nyumba yamekwenda wapi, alisema: "Mtoto anajenga kifua. Wewe umejenga nini tangu choo kile?" Naomba iandikwe kwamba choo kile ni cha matofali.

6. Hili ndilo lililonifikisha kwako. Jana nilisimama uani, nikaacha kukohoa, nikadai viti vyangu kwa sauti ya mtu mzima. Ochoki alikuwa sakafuni. Alisema, bila kuacha kuhesabu: "Mlango uko wazi, Tata. Ingia uchukue." Aliyasema hayo akijua. Jirani yangu Ratemo, aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua, alicheka mpaka akalaza jembe chini. "Ingia, Machogu," akaniambia. "Ukiogopa sana, ingia kinyumenyume."

Kwa hayo yote, naiomba ofisi yako ifanye mojawapo ya mambo haya.

Kwanza, itume askari aingie na kutoa mali yangu. Askari si baba wa mtu yeyote humo ndani, na kama ni baba, atafutwe mwingine.

Askari akikosekana, naomba nyumba ya Ochoki itangazwe kuwa ofisi ya serikali kwa asubuhi moja. Mila inanikataza nyumba ya mwanangu. Hainikatazi ofisi ya serikali. Yako nimeingia mara nyingi, na sijawahi kupatwa na lolote humo, hata huduma. Bendera nitaitafuta mwenyewe. Ochoki anaweza kubaki sakafuni kama mtumishi wa umma, nami nitapita kando yake kama mwananchi wa kawaida aliyekuja kuulizia kiti.

Ikiwa sheria hairuhusu hata hilo, naomba nivuliwe ubaba wa Ochoki kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nirudishiwe nikishatoka na benchi. Bitutu ameshaulizwa, kwa kuwa ni mhusika. Amesema hana pingamizi, na kwamba si lazima nirudishiwe.

Sina chuki na kifua cha mwanangu. Ni kifua kizuri, na kinaonekana tokea barabarani. Lakini Mzee Ojwang hawezi kukikalia, na bila pa kumkalisha nitampoteza mkwe na binti kwa siku moja.

Nisalimie nyumbani kwako. Wasalimie wazee wote wa baraza, hata yule anayelala wakati wa hotuba, na askari mrefu wa langoni. Salamu za pekee kwa Bi. Aketch, kwa kuwa amesoma mpaka hapa.

Ni mimi, ninayeandika nikiwa nimesimama,

Machogu.

Baada ya sahihi: Askari akishaingia, benchi na viti asivitoe. Bonareri amepiga simu sasa hivi kusema ameshakodi viti Kisii mjini, vyenye vitambaa. Amenitumia pia picha ya Mzee Ojwang. Ni mstaafu wa magereza. Vifungo vya koti lake vinashika kwa taabu, wala si kwa sababu ya tumbo. Jumapili tutasimama bega kwa bega kupigwa picha, yeye na mimi, na koti langu likiwa mwilini ni kama liko bado msumarini. Nimekuwa nikijaribu nyuma ya zizi la ng'ombe, mikono juu ya gogo, lakini naumia bega la kulia, na adabu yetu hainiruhusu kuzungumza na mwanangu habari za mwili. Kwa hiyo naomba askari aangalie tu, kisha anichoree: juu ya benchi huwekwa miguu au mikono, na kiganja kinakaa mbali kiasi gani na kiganja. Aje Alhamisi asubuhi. Alhamisi ni siku ya miguu, Ochoki atakuwa amekimbia kwenda sokoni. Zitakuwa zimebaki siku tatu, na yule kijana wa simu anasema siku tatu zinatosha kuanza kuona tofauti.