Jua Ni Lao, Kivuli Ni Changu

Mdogo wangu mpendwa,

YAH: MKATABA WA UMEME WA JUA KATIKA NYUMBA YA WAZAZI WETU

Natumaini u mzima, pamoja na wifi na watoto. Mimi ni mzima isipokuwa macho, na macho yenyewe yameharibika kwa sababu yako.

Naomba radhi kwa kukaa kimya wiki tisa. Umeniandikia mara nne, na mara ya mwisho uliandika maneno mawili tu: "Dada, vipi?" Sikunyamaza kwa kiburi. Nilikuwa nikisoma. Mkataba ulioniletea una kurasa thelathini na moja, nami nimeusoma mara tatu. Wewe ulitia sahihi zako zote siku ileile ulipoandikwa, jambo linaloonyesha ama kwamba sasa unasoma upesi kuliko ulivyosoma shuleni, ama kwamba hukusoma. Nilikufundisha darasa la tano. Nina maoni yangu.

Umenibandikia vijikaratasi vya njano kila mahali ninapotakiwa kutia sahihi, na katika barua yako umesema, "Tia sahihi tu, Dada, ni zawadi." Nashukuru. Ni mara ya kwanza kupewa zawadi ambayo mpokeaji atailipia kila mwezi kwa miaka ishirini. Hata hivyo, nyumba hii tuliachiwa wawili, na bila sahihi yangu sahihi yako ni pambo. Kwa hiyo nimeona ni haki nikueleze, kwa mpangilio, mambo yanayonizuia. Uyasome umekaa.

Kabla ya hapo nitaje jambo tunalolizunguka. Mwaka jana ulikuja hapa na bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, ukasema ni rafiki yako wa kazini, naye akahesabu vyumba na kugonga kuta kama daktari anayepima kifua. Wewe unataka tuuze nyumba. Mimi nataka kufia humu. Tuliagana hivyo mlangoni, chai ikiwa haijanywewa. Sisemi kwamba zawadi hii inahusiana na siku ile. Nasema tu kwamba ninaikumbuka.

Sasa malalamiko.

1. Mkataba ni wa miaka ishirini, nami nina miaka sabini na mitatu. Kifungu cha nne kinanitaka niwepo nyumbani mara mbili kila mwaka kuwafungulia mafundi wa ukaguzi, hadi siku ya mwisho. Maana yake ninaahidi, kwa maandishi na mbele ya shahidi, kwamba nikiwa na miaka tisini na mitatu nitakuja getini na funguo mkononi. Sijawahi kuvunja ahadi, wala sitaki kuanza nikiwa maiti. Nilimweleza hivyo mwuzaji wao, bwana mmoja mnene ambaye mtaani tunamwita Bwana Kishikwambi, kwa kuwa hakiweki chini kile kibao chake cha kioo hata anapokunywa maji. Alicheka akasema, "Aa, Mama! Wewe? Wewe unafika mia, mia na kumi!" Nikamshukuru, nikampa kalamu, nikamwomba aliandike hilo chini ya kichwa cha habari kisemacho Dhamana. Akaacha kucheka. Akaenda uani kumpigia simu mkubwa wake, akarudi akisema kampuni haidhamini uhai wa mteja. Basi wanataka mteja audhamini mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila anachokisema kwa mdomo ninakiwekea kalamu mbele. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba betri isiyozeeka, taa zisizozimika na fundi anayefika ndani ya saa moja, vyote vinaishi mdomoni mwake na havijawahi kufika karatasini.

2. Kifungu cha saba kinasema: "Mteja atahakikisha kwamba hakuna kivuli kinachoangukia paneli kwa muda wote wa mkataba." Kifungu cha nane kinasema kwamba kiasi cha umeme ni makadirio tu, na kampuni haitawajibika iwapo jua halitawaka vya kutosha. Kwa ufupi, jua ni lao, kivuli ni changu. Mimi si mtu wa kutia sahihi jambo nisiloweza kulitimiza, kwa hiyo nilichukua daftari nikaanza kuorodhesha vivuli. Kuna tangi letu la maji, ambalo kivuli chake hulifikia paa saa tisa alasiri. Kuna antena ya jirani wa mashariki. Kuna njiwa kumi na mmoja, ambao vivuli vyao ni vidogo lakini havitulii. Tangi linaweza kuhamishwa. Kuhusu antena nimeandika barua. Kuhusu njiwa sijui niandikie nani.

Tatizo kubwa ni jirani wa magharibi, ambaye ameshateremsha matofali ya ghorofa. Nilimwendea kwa adabu, nikamsomea kifungu cha saba chote, nikamwuliza kama anaweza kuijenga ghorofa yake kuelekea chini. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu," akafunga mlango.

3. Katika kifungu cha pili mteja anathibitisha kwamba paa ni imara. Hakuna mtu hata mmoja wa kampuni aliyepanda juu ya paa hilo. Bwana Kishikwambi alilipima akiwa amekaa kwenye kochi, kwa picha iliyopigwa kutoka angani, na picha yenyewe ni ya zamani kiasi kwamba bado ina ile stoo ya mkaa tuliyoibomoa mwaka aliofariki Mama. Mchoro unaonyesha paneli tatu kati ya kumi zikiwa zimekaa vizuri juu ya stoo hiyo. Nilimpeleka uani nikamwonyesha hewa. Akaitazama hewa, akakitazama kibao, akasema, "Lakini kwenye mfumo ipo, Mama." Nawe umeshatia sahihi kwamba ipo. Naomba uje uijenge.

Nilimwita fundi bati apande yeye. Alikaa darini nusu saa, nami nikiwa chini nilimsikia akisema "Lo!" mara tatu, kila mara mahali tofauti. Alishuka na unga wa mchwa hadi kwenye nyusi. "Mwalimu," akasema, "paa hili linashikiliwa na mazoea." Boriti mbili zimeliwa. Paneli kumi pamoja na vyuma vyake, kwa hesabu yake, ni sawa na watu wanne wazima waliopanda juu na kukataa kushuka. Tena, bati likishatobolewa likavuja, mkataba unasema kwamba uvujaji wowote "uliokuwepo au ambao ungeweza kuwepo" kabla ya kazi ni wa mteja. Nimesahihisha karatasi za watoto kwa miaka thelathini na minane, na sijawahi kuona mtu akirithishwa uvujaji ambao bado haujazaliwa.

4. Dhamana. Hapa nakuomba uwe mvumilivu, kwa maana ziko nne na hazijuani. Paneli zinadhaminiwa na aliyezitengeneza, miaka ishirini na mitano. Betri inadhaminiwa na mwingine, miaka mitano. Ile mashine ya kugeuza umeme, wanayoiita inveta, inadhaminiwa na wa tatu, miaka miwili. Kazi ya kufunga inadhaminiwa na kampuni yetu, mwaka mmoja. Kimoja kikifa, vingine vitampa mteja pole.

Sisemi haya kwa kubuni. Unamkumbuka Mama Cherehani, fundi wa nguo wa nyumba ya tatu. Inveta yake iliungua mwezi wa kumi na nne tangu ifungwe. Aliyeifunga alimwambia aende kwa aliyeiuza. Aliyeiuza alisema imefungwa vibaya. Aliyeitengeneza yuko ng'ambo na hupokea malalamiko kwa lugha ambayo Mama Cherehani haijui. Aliporudi kwa waliomfungia, alikuta wana jina jipya: gari ni lilelile, wanaume ni walewale, fulana ndizo zilizobadilika, nao wakamwambia kwa upole kwamba ile kampuni ya zamani hawaifahamu. Sasa paneli zinameta juu ya nyumba yake, naye chini anakanyaga cherehani kwa mguu. "Jua ninalo, Mwalimu," aliniambia, "tena jingi. Shida yangu ni umeme." Kampuni yetu, nimeuliza, ina umri wa miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu simwamini hata na glasi.

5. Malipo ya kila mwezi yanapanda kila mwaka. Nguvu ya paneli, kwa mujibu wa ukurasa wao wenyewe wa kumi na mbili, inashuka kila mwaka. Yaani kadiri zinavyochoka ndivyo zinavyolipwa zaidi. Laiti walimu tungalitendewa hivyo.

6. Kampuni ina haki ya kuingia nyumbani "wakati wowote unaofaa". Haikutajwa unamfaa nani. Nilimwambia Bwana Kishikwambi kwamba nakubali, ila tuandike pia kwamba mimi nami nina haki ya kuingia nyumbani kwa meneja wao wakati wowote unaofaa, nikague anavyoishi. Nilikuwa nimeshaitayarisha aya hiyo kwa mwandiko safi. Hapo bwana wa watu, ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya saba kuketi kwenye kochi lile, alichoka. Alifuta jasho akasema, "Lakini Mama, miaka ishirini unaihangaikia ya nini? Si mdogo wako alisema mnapandisha thamani tu, halafu mnauza?"

Kisha akaanza kukifuta kibao chake kwa leso. Mimi nilikwenda jikoni kumwongezea maji.

Sikuandikii hapa nilichokiwaza jikoni. Nakuandikia yale tu yanayotokana na mkataba. Kwa kuwa mteja anatakiwa kuzuia vivuli, kufungua geti, kuthibitisha boriti, kujenga upya stoo na kuwa hai, na kwa kuwa kazi hizo haziwezi kufanywa na mtu mmoja mwenye goti bovu, na kwa kuwa wewe ni mteja kama mimi, ninakuomba rasmi uache kazi yako huko uliko, urudi nyumbani na familia yako, mkae hapa miaka ishirini. Chumba chako cha utotoni ni kikavu. Wifi atashughulika na geti. Watoto watafukuza njiwa kwa zamu, nami nitawaandikia ratiba. Wewe utakaa na jirani wa magharibi mpaka aelewe. Kama hilo haliwezekani, basi sioni mtu mwenye akili timamu anavyoweza kutia sahihi karatasi hizi, na ningemshauri kila mwenye nyumba azikimbie: asitie sahihi kabla hajampandisha fundi wake mwenyewe juu ya paa, kabla hajajua atamshika nani kitu kikiharibika, na kabla kila utamu uliosemwa kwenye kochi haujaandikwa kwa wino.

Hata hivyo sitaki kuwa na haraka, kwa kuwa haraka ndiyo iliyotufikisha hapa. Bado natafakari. Nikishaamua, nitakuandikia.

Msalimie wifi, umwambie kitambaa chake kiko tayari kwa Mama Cherehani, kimechelewa kwa sababu ya mguu. Wasalimie watoto, na yule mkubwa umwambie shangazi yake anasubiri barua ndefu kuliko ile ya mwisho. Wasalimie majirani zako, hata wale wa ghorofani. Fundi bati anakusalimu, ingawa hamjuani.

Wako katika damu na katika hati ya nyumba,

Dada yako

NYONGEZA. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Utaona alama za kisu. Mchana huu nimeazima kwa fundi saa kioo chake cha kukuzia, kwa ajili ya kurasa mbili za mwisho zinazoitwa Kiambatisho C. Zimechapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, nami mara zote tatu nilizipita nikidhani ni orodha ya nyaya na misumari. Nakiri kosa. Mwanafunzi ningemwadhibu.

Aya ya tatu, nainakili kama ilivyo: "Kwa muda wote wa mkataba, nyumba haitauzwa, haitagawanywa wala haitawekwa rehani bila idhini ya kampuni kwa maandishi, na kampuni haitalazimika kutoa sababu ya kukataa." Chini yake ipo sahihi yako, imenyooka vizuri, pamoja na tarehe. Nilimpigia simu Bwana Kishikwambi kumwuliza kama ndivyo. Nikasikia kidole kikigonga kioo, kisha akasema, "Eeh! Kumbe, Mama!"

Nimeitafakari aya hiyo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Ni aya nzuri sana, na aliyeiandika amesoma. Nimetia sahihi mahali pote penye vijikaratasi vya njano, na mahali pawili pasipo na kijikaratasi, kwa usalama. Boriti zitaanza kubadilishwa Jumatatu. Malalamiko yote sita hapo juu uyachukue kuwa ni ushauri kwa watu wengine.

Aya ya nne inatoa siku saba za kughairi, zikihesabiwa tangu kila mmoja alipotia sahihi yake. Zako ziliisha wiki nane zilizopita. Zangu sizihitaji.