Mawe ya Upande wa Juu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Imeshushwa asubuhi kutoka kwenye lori, nyekundu, kiti bado kina nailoni: pikipiki ya magurudumu manne. Meneja katangaza mbele ya wote. Atakayefaulu mafunzo na kupata cheti atapewa ufunguo na kazi ya kukagua uzio wa shamba la miti. Asiyefaulu ataukagua uzio huohuo kwa miguu.

Uzio ni kilomita kumi na nne. Nimeutembea miaka tisa. Hapa shambani hakuna anayeniita kwa jina langu. Naitwa Kiguu na Njia. Magoti yameisha. Basi mwenye haki anajulikana.

Tumejiandikisha wawili tu. Mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye miezi saba kazini na bado anauliza choo kiko wapi. Nimempa mkono. Nimemwambia ashinde atakayeshinda, sisi ni ndugu. Moyoni nimeshakaa kitini.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Asubuhi nzima hatukupanda. Tumeizunguka mashine tukigusa matairi, breki, nati, mafuta. Mara sita! Nikamwuliza kama tunainunua au tunaiendesha. Akaniambia nizunguke mara ya saba.

Mchana, mtihani wa kuandika. Swali la nne: pikipiki hii inaruhusiwa kubeba abiria wangapi? Nikaandika mmoja, akiwa mkubwa wa kazi. Nilidhani meneja atasoma. Kumbe jibu ni hakuna, hata awe nani. Shemeji kapata ishirini kwa ishirini. Mimi kumi na nne, ambayo ndiyo alama ya kufaulu yenyewe. Si haba.

Mke wangu kauliza matokeo. Nimesema tumefaulu sote. Sikusema uongo.

Jumatano, 6 Machi

Leo mteremko wa juu ya kitalu cha miche. Mwalimu anasema ukikata mteremko kwa ubavu, lazima uinuke kitini, usimame kwenye vikanyagio na kuegemeza mwili upande wa juu wa kilima. Usipofanya hivyo, mashine inapinduka na kukulalia. Shemeji akainuka, akajipinda, akapita bila shida. Zamu yangu, nikainuka kidogo. Kiuno kikalia, mshono wa suruali nao ukalia. Mwalimu akapiga kelele kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Sasa mimi, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nibinue makalio hadharani mbele ya shemeji yangu? Na Jumamosi, siku ya mtihani wa vitendo, mama mkwe anakuja kutazama! Mke wangu ndiye kamwalika. Haiwezekani.

Nimerudi nyumbani nikifikiri njia nzima. Mwalimu anataka uzito upande wa juu. Hakusema uzito wa nini.

Alhamisi, 7 Machi

Akili ni mali! Njia ya mtihani inaanzia kwenye tangi la maji na kuishia ghalani. Ukienda hivyo, kilima kiko kushoto. Kwa hiyo uzito unatakiwa kushoto. Nimeokota mawe, nimeyapima kwenye mizani ya jikoni: kilo sita. Nimeshona mfuko mkubwa ndani ya suruali ya kazi, upande wa kushoto, kwa uzi wa magunia. Mke wangu kauliza nashona nini. Nimesema mfuko. Kauliza mfuko wa nini. Nimesema wa vitu.

Nimefanya majaribio juu ya mkono wa kochi. Nilikaa wima kama hakimu, na mwili ukavutwa kushoto wenyewe. Kochi limevunjika mguu, lakini limevunjikia upande uliotakiwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemkuta shemeji akiitembea njia ya mtihani kwa miguu, anaangalia kila shimo kutoka tangi hadi ghala. Mjanja huyu! Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Nikamwambia, kwa ajili ya haki tu, kwamba kuna mwanafunzi, jina silitaji ila ni shemeji yangu, ambaye ameikariri njia. Mwalimu kanishukuru sana. Kasema atalishughulikia.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa kwa ubavu.

Mama mkwe alikuja na kiti chake, akakiweka mbele kabisa, kando ya ghala. Nilimwamkia kwa mbali. Nilipoinama, mawe yakagongana. Nikamsikia akimwuliza binti yake kama nina afya njema.

Mwalimu akatangaza kwamba, ili asiwepo wa kupendelewa, leo tunaanzia ghalani na kuishia kwenye tangi. Nikapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi! Nilikuwa namtazama shemeji uso, nione utakavyobadilika. Haukubadilika. Akapanda, akajipinda, akapita.

Zamu yangu. Nilishafika katikati ya mteremko nilipoona kwamba kilima kiko kulia. Kilo sita zangu zilikuwa zinatazama bondeni. Magurudumu ya kulia yakaanza kuachana na ardhi. Mwalimu akapiga kelele niinuke, niinuke, niegemee kulia! Nikainuka. Suruali haikuinuka. Ilibaki na mawe yake. Nikaidaka kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio wa breki. Breki au heshima? Nikachagua heshima.

Vyote viwili nilivikosa. Mashine iliteremka polepole, ikaingia kitaluni na kulala juu ya miche mia mbili. Mimi nilitua kwenye matope, suruali ikatua mbele kidogo. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa ameshakigeuza kiti chake, anatazama ukuta wa ghala.

Mwalimu aliyaokota mawe moja moja. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni uzito wa upande wa juu. Akaandika mengi kwenye fomu. Kasema naweza kurudia mwezi ujao. Nimeona aibu. Uchungu pia, maana miaka tisa si mchezo.

Jumatatu, 11 Machi

Kilomita kumi na nne, kwa miguu. Karibu na kijito shemeji kanikuta na ile mashine nyekundu. Kasimama, kavua kofia ngumu, kaniamkia kwa adabu zote. Nikamwomba anisogeze hadi getini tu. Kasikitika kweli. Kanikumbusha swali la nne. Nikamwuliza, hata shemeji yako mkubwa? Kasema hata awe nani. Kisha kaondoka taratibu asinitimulie vumbi, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jioni nimekaa, nimetulia, nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Nimeliona! Nilitegemea upande mmoja. Mtu mwenye akili hategemei upande mmoja. Marudio ni tarehe sita Aprili, na mwalimu aizungushe njia apendavyo. Nimeshashona mfuko wa pili, upande wa kulia. Kilo sita kushoto, kilo sita kulia. Nimepima mara mbili, hakuna unaozidi mwenzake hata kwa punje. Na nimenunua mikanda miwili.