Mitini ya Fatumah na Sanduku Langu la Bati

Kyebando, Kampala
Jumatano, 11 Mei 1994

Kwa Mwenyekiti Uthman,
Baraza la Mtaa, RC 1

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: VYOMBO VYANGU VILIVYOTEKWA NA MITINI

Salaam nyingi kwako na kwa mama watoto. Mimi ni mzima wa mwili, ila nyumbani hali ni mbaya, na sina tena kikombe cha kunywea chai.

Unanifahamu. Ni mimi Santo Ojera, koplo mstaafu wa polisi, niliyekuwa mtu wa stoo miaka kumi na tisa, na sasa nalinda geti la godauni kule Luzira. Mtu wa stoo anajua jambo moja: kila chombo kina kazi yake. Mke wangu Fatumah hataki kabisa kulijua jambo hilo.

Mwezi wa kwanza dada yake anayekaa Luzira alimpa vipande tisa vya matawi ya mtini, ule wa matunda matamu, vimefungwa kwenye gunia bichi. Fatumah akaniomba avipande nyuma ya jiko. Nilikataa, kwa heshima. Nilimweleza, kama ninavyomweleza tangu vita vya themanini na sita, kwamba hapa sisi tunapita tu. Barabara ya kaskazini ikitulia tunakwenda kwetu, na mtu anayepita hapandi mti. Ni kweli kibanja hiki cha nyumba tulikinunua, na wewe ulitia sahihi kama shahidi, lakini mimi nilinunua kwa kupita.

Hakubishana. Aliingia ndani akaanza kutafuta vyombo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alianza na chupa za plastiki za mafuta ya kupikia, akazikata shingo. Hizo nilimwachia. Lakini mizizi, anasema, haipendi mwanga, kwa hiyo lazima chupa zivishwe. Alizivisha soksi zangu za kazi, zote, nyeusi, za sufu. Mitini ililala na joto miguuni, mimi nikakesha getini bila soksi.

2. Kikombe changu cha bati cha polisi. Alikitoboa matundu matatu chini kwa msumari, ati maji yapite. Nikamwuliza kwa nini asichukue ndoo, si ndoo ni kubwa? Akanifundisha kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: mche mdogo ukiutia kwenye chombo kikubwa, udongo unakaa na maji na mche unaoza. Lazima uhamishwe polepole, chombo kwa chombo, kila kimoja kikizidi kidogo kile cha kwanza. Huo ndio ubaya wa mti huu, Mwenyekiti, kila mwezi unahama nyumba. Mimi mwenyewe nimejiandaa kuhama miaka minane na sijafika hata Bombo, mji wa hapo karibu tu.

3. Gambuti langu la kushoto. Lilikuwa na tundu kwenye soli, na Fatumah akashukuru Mungu, akasema hicho ndicho chombo alichokuwa akikitafuta: kirefu, chembamba, kinapitisha maji. Akaliweka nyuma ya jiko. Mtini ule umenawiri kuliko wenzake wote, sitaki kusema uongo. Lakini msimamizi wangu alinikuta kwenye mvua nimevaa gambuti mguu wa kulia na ndala mguu wa kushoto, akaniuliza kwa upole kama nina homa ya kichwa.

4. Sufuria ya kusongea posho, ugali wetu, mitini miwili. Beseni la kuogea, mitini miwili. Tunakula mkate, na tungeoga kwa kikombe, lakini nacho kina mtini na matundu (tazama namba 2).

5. Hapa naomba ukae kwanza. Sanduku langu la bati limekaa mlangoni tangu mwaka ule wa vita, limepangwa: blanketi, sahani, suruali nzuri, picha ya marehemu mama. Habari ikija tu, nalibeba naondoka. Jumapili iliyopita nilirudi kutoka kazini nikakuta vitu vyangu vimekunjwa vizuri juu ya kitanda, na sanduku limetobolewa chini, limejaa udongo na samadi, mitini mitatu imesimama humo kama askari kwenye gwaride. Nilipiga kelele! Mama Goretti wa nyumba ya pili alikuja mbio na mwiko mkononi. Fatumah akasema, bila kupandisha sauti, kwamba sanduku lisilokwenda popote miaka minane si sanduku tena, ni chombo cha kupandia. Iliniuma sana, Mwenyekiti. Naiandika bila aibu.

Kesho yake alikuja kwako kuomba barua ya kuhama. Usinifiche, mtaa mzima unajua. Anasema anakwenda kukaa kwa dada yake Luzira, kwa watu wanaokubali ardhi yao ipandwe. Leo ni siku ya tatu yuko huko anachimba mashimo, na Jumamosi anakuja na pikapu kuchukua mitini yake.

Basi naomba tufuate sheria, hatua kwa hatua. Vyombo ni vyangu, kwa hiyo havitoki. Mitini haiwezi kutoka bila vyombo, maana mizizi ikiachwa wazi itakauka kabla hata hawajafika Nakivubo. Fatumah naye hawezi kwenda bila mitini. Amesema hivyo mbele ya Mama Goretti, ambaye ni shahidi, yeye na mwiko wake. Kwa hiyo kisheria Fatumah hawezi kwenda. Naomba usiipige muhuri barua yake. Tena naomba baraza litangaze kwamba kikombe, gambuti, sufuria, beseni na sanduku ni vyombo vya usalama, visivuke mpaka wa Kyebando mchana wala usiku. Ikibidi nitavilinda mwenyewe. Filimbi ninayo.

Nisalimie mama watoto, makamu wako, katibu wa ulinzi, na wote wanaoniuliza habari za soksi.

Ni mimi, mtiifu kwako, mwenye gambuti moja,

Santo Ojera
Koplo (mstaafu)

Nyongeza, Ijumaa jioni:

Barua hii imelala mezani siku mbili kwa kukosa bahasha. Leo asubuhi nilikwenda kulinyoosha gambuti maana lilikuwa limeinama, likakataa. Kumbe mzizi umepita kwenye tundu la soli na kuingia ardhini, nyuma ya jiko, bila ruhusa yangu. Nilivuta kidogo, nikaogopa kuukata. Nikachukua jembe. Nimeipanda mitini yote tisa, kutoka jikoni mpaka kwenye uzio, na mikono imeota malengelenge.

Vyombo sasa ni vitupu. Kwa sheria ile ile niliyoieleza hapo juu, sina tena kitu cha kumzuia Fatumah, na pikapu inakuja kesho. Akitaka barua yake, mpe. Ila kabla hujapiga muhuri mwulize mtini uliopandwa leo unamwagiwa maji mara ngapi, maana mimi sijui, sijawahi kupanda kitu Kampala hii. Sanduku nimelisafisha na kuliweka jikoni, linafaa kwa unga. Nguo zangu bado ziko pale pale kitandani alipozikunja. Mwambie nangoja aje anionyeshe pa kuziweka.