Ulimi wa Plastiki

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepata kazi! Binti yangu anayesomea uinjinia kaniletea vipande vya mbao nivigundishe viwili viwili. Tangu karakana yangu ya useremala ifungwe nimekuwa mtu wa kuhamisha kiti kufuata kivuli. Mama yake anasema nimepewa kwa huruma. Mimi nasema damu haipotei.

Maelezo ya binti: gundi ikikauka, mashine ya chuo itazibana mbao na kusukuma moja iteleze juu ya mwenzake. Kompyuta yake inatabiri gundi itaanza kuachia kwa nguvu gani. Na pale ilipokwisha kuachia, mbao zinasuguana, na msuguano nao unabeba mzigo. Lazima avihesabu vyote viwili kwa pamoja. Jumanne ya wiki ijayo anasimama mbele ya maprofesa. Kompyuta na mashine zisipokubaliana, anarudia mwaka, na kazi aliyoahidiwa anapewa mwingine. Akasema na mengine. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Baadaye nikaona aibu kubwa. Kila jozi imebandikwa kipande cha plastiki ukingoni, kimetoka nje kama ulimi. Uchafu wa nani huu? Wa Koleo tu, yule mtunza mashine wa chuo, fundi gani ana kucha safi vile! Nimebandua zote. Gundi nimepaka mpaka ukingoni. Maprofesa wataona kiungo kisichoachia, watauliza kafanya nani.

Jumatano, 8 Oktoba

Naungama.

Nilialikwa maabara. Nilivaa koti. Mashine ikasukuma, ikaguna, paa! Mbao ikapasuka katikati. Gundi yangu haikutikisika hata kidogo. Nikapiga makofi. Peke yangu.

Jozi zote zikawa hivyo hivyo. Koleo akauliza, Mzee, ile plastiki iko wapi? Nikamwambia nimemsaidia kuitoa, asijali. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe plastiki ni ya makusudi! Ndiyo ufa wa kuanzia, gundi ijue pa kuachia. Kumbe walitaka iachie! Mimi maisha yangu yote nimelipwa ili vitu visiachie. Ningejuaje?

Binti anasema aliniambia mara mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikupewa gundi tena. Koleo ndiye kagundisha mpya kwa ile ya kukauka haraka. Imemtoka pembeni kama makamasi. Zimeachia vizuri sana, eti. Sijawahi kusikia fundi akisifiwa hivyo.

Lakini bado kuna tatizo. Kwenye grafu, mstari wa mashine na mstari wa kompyuta inaanza pamoja kama maharusi, kisha kila mmoja anashika njia yake. Binti anasema hajajua msuguano peke yake una nguvu kiasi gani. Jumamosi zile mbao zilizoachia zitasukumwa tena, zisuguane bila gundi.

Nikamsihi aniachie hata kazi ya kuzitunza tu. Akanitazama sana. Akanipa. Moyo wa mtoto wa kike!

Nimezibeba kama mayai. Nyumbani nikazifungua. Masikini! Nyuso zimejaa makovu, gundi imeganda mabonge mabonge. Mtu atapelekaje kitu kama hiki chuoni? Na msasa ulikuwa pale pale mezani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naungama tena.

Zilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Mashine ilipogusa tu, zikateleza. Msuguano kama hakuna. Binti hakulia, na afadhali angelia. Aliniambia taratibu, Baba, yale makovu ndiyo niliyotaka kuyapima. Koleo safari hii hakucheka. Hilo limenichoma zaidi.

Imepona jozi moja, niliyoisahau kwenye mfuko wa koti. Binti aliishika kwa mikono miwili. Mimi akaniomba nikae nje, kwenye benchi. Nimekaa. Watu wanapita wananisalimia kama mfiwa.

Nyumbani nimemweleza mama yake habari ya gundi na msuguano, nikitafuta huruma. Akasema hiyo haihitaji kompyuta. Mimi na wewe, akasema, gundi iliachia siku nyingi, tunashikiliwa na kusuguana tu. Kisha akanisogezea chakula. Sijui kama nilitukanwa au nilibembelezwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Imekubali! Ile jozi moja imetosha. Mistari miwili sasa inakwenda bega kwa bega mpaka mwisho. Binti amecheka kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Imebaki jozi ya mwisho, nayo itavunjwa mbele ya maprofesa kesho. Kompyuta imeshataja nguvu yake na karatasi wamepelekewa. Koleo kaigundisha, iko kwenye boksi, juu ya meza yetu. Binti kanishika mkono. Baba, usiiguse. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Mama yake akasema marehemu aachwe apumzike.

Nimekuwa mtu mpya. Nimemharibia mwanangu vya kutosha kwa kutaka sifa. Sitaki sifa tena. Sitaki hata kwenda.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefungua boksi, kuangalia tu kama ipo. Ipo. Binti anaoga, mama yake anampigia pasi gauni.

Naandika kwa amani kabisa. Plastiki sikuitoa! Nimeshajua ni ya makusudi, mimi si mjinga. Nimeikata tu ile iliyotokeza, maana mtu haendi mbele ya wakubwa na kazi imetoa ulimi. Pakabaki kijitundu kwenye mdomo wa ule ufa. Nimekijaza gundi tone moja, ya Koleo ile ile, ili asije akasema nimeleta yangu. Imeshakauka. Huwezi kujua.

Binti katoka, kavaa, kapendeza. Kachukua boksi, akanishukuru kwa kutoligusa.

Nimebadili mawazo. Navaa koti. Makofi ya leo sitayapiga peke yangu.