Mwenye Bucha Aliyetukanwa Kitabuni

Jumatatu, 3 Juni 2024
Dunia imepinduka. Marehemu Grasmuck, mwandishi aliyeutukana mji wetu wote vitabuni mwake, leo ni fahari ya Austria nzima! Jumamosi nyumba yake inafunguliwa kuwa makumbusho. Utepe atakata aliyetukanwa vibaya kuliko wote. Nani mwingine? Yule mwenye bucha wa kitabuni, mnene, mwoga, mpunjaji wa mizani, ni mimi mtupu, Alois Wurzinger. Mji mzima unajua.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa Meya. Kacheka hadi kakohoa. Eti mzee Alois, si ulimshtaki marehemu ukitaka itamkwe kwamba yule wa kitabuni si wewe, ukashinda, hakimu akatamka hivyo? Sheria ni sheria, mzee wangu. Notburga wa mkahawani naye alidai vivyo hivyo, lakini akashindwa. Kwa hiyo yeye ndiye yule mama mbea wa kitabuni, kwa amri ya mahakama. Utepe wake. Nimeumia, sifichi. Kumbe hata kushinda kesi ni mkosi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekutana na Notburga sokoni. Kanitazama juu hadi chini. Eti pole jirani, wengine hata matusi hawakujaaliwa. Kisha akaniuliza kama gauni jekundu litapendeza pichani. Mpango ninao: nitakuwa yule yule wa kitabuni, mbele ya macho ya watu.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Bendi ya matarumbeta ilipoacha kupiga nikajitokeza na aproni yenye damu. Nikamfokea marehemu kama yule wa kitabuni. Nikairushia sanamu yake soseji. Ikampata Meya. Meya akanijia juu, nikakimbilia nyuma ya ngoma kubwa. Hilo halikuwamo kwenye mpango, ni miguu tu. Lakini wageni kutoka Vienna wakasimama wakipiga makofi: ndiye, ndiye huyu! Notburga mwenyewe akanikabidhi mkasi. Eti haya, mwoga wetu, hakimu gani atabisha sasa? Nimekata utepe. Nimelia kidogo, kwa furaha.

Jumatatu, 10 Juni
Foleni dukani tangu asubuhi. Kila mgeni anaomba picha, na anaomba nimpunje kidogo kwenye mizani. Sijamnyima mtu. Mchana kaja binti mmoja, mwandishi, kapanga chumba kwa Notburga. Kaniambia kwa upole kwamba ameanza riwaya ya mzee mmoja mjinga anayerushia sanamu soseji. Mjinga! Nimefunga duka papo hapo. Naandika haya kwenye benchi la wakili. Anasema kesi hii tunashinda bila jasho.